Tundu la Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koleo wala ngazi. Nilipewa kitambaa na chupa ya spiriti, nikaambiwa nisafishe matundu yote ya ubao wa simu wa Same, moja baada ya jingine, huku Opereta Mkuu amekaa nyuma yangu akikagua. Nilikuwa nimetoka kwetu Kighare, milimani, na cheti cha ufundi na suruali moja ya maana, nikidhani nimekuja kupanda nguzo. Ninyi vijana mnaosomea mitandao mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa enzi zetu. Nitaeleza, lakini sitawaficha kitu. Kuna muuguzi mmoja aliyeitwa mwongo mbele ya watu kwa sababu ya waya nilioufunga kwa mikono yangu, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Ubao wa simu ulikuwa kama kabati refu lenye safu za matundu, na kila tundu ni mteja: polisi, stesheni, bomani, mashamba ya mkonge. Mteja akiinua simu, taa yake inawaka, opereta anachomeka waya na kuuliza, "Namba gani?" kisha anachomeka ncha ya pili kwa anayetafutwa. Chumba cha nyuma tulikuwa na betri kubwa za asidi zilizotoa volti hamsini. Umeme huo ulipita kwenye waya uleule uliobeba sauti, ukafika mpaka kwenye simu ya mteja. Kwa hiyo umeme wa mji ulipokatika, na ulikuwa hauishi kukatika, simu iliendelea kusema. Tulijivunia sana jambo hilo.

Opereta Mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Tundu la mwisho kabisa, kona ya chini kulia, lilikuwa la hospitali.

"Kwa nini mwisho, mama?" nilimuuliza. "Hospitali si ndiyo ingekuwa ya kwanza?"

"Wa katikati unamtafuta kwa macho," alinijibu. "Wa mwisho mkono unamfikia wenyewe. Hata ukiwa na usingizi, hata taa zikizimika, unatelezesha mkono mpaka ubao unapoishia. Hapo ndipo pa mgonjwa. Shika hivyo hivyo."

Nikashika. Kila ubao niliofunga baadaye, Ndungu na kwenye ofisi za mkonge, laini ya wagonjwa niliiweka mwisho. Hakuna aliyenipinga, nami sikujiuliza tena.

Nilihamishiwa kitengo cha laini katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Meneja wa Wilaya alikuwa mtu mpole aliyechoka. Asubuhi alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatuambia maneno yaleyale: "Waya hakuna, petroli hakuna, ila wateja wapo. Nendeni." Tulikwenda. Tulipanda milima kwa miguu, waya tumeuviringisha begani, tukalala kwa wakulima waliotupa ndizi na maharage. Waya wa shaba uliokatika tuliunga kwa vipande tulivyovitoa kwenye laini zilizokufa, kama mtu anayetia suruali kiraka kwa kukata mfuko wake. Nilikonda, lakini nilikuwa na raha. Sijapata tena raha ya namna hiyo.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka ya Same yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba, redio za kaseti. Shaba nayo ikapata wanunuzi, na laini tulizozipandisha kwa mabega zikashushwa na wezi. Simu za mkononi zikaingia. Siku moja akaja Meneja wa Kanda, kijana mwenye tai, akatuita mmoja mmoja.

"Mzee, si wewe," aliniambia akinisukumia bahasha. "Ni soko."

Ubao wetu ulitupwa uani, mvua ikaunyeshea. Opereta Mkuu alikwenda kwao na hakuishi miaka miwili. Mimi nilifungua kibanda cha kutengeneza redio hapa Same, nikawa nakaa siku nzima natazama barabara. Nilijiona nimekwisha. Vijana wawili wa duka la kompyuta jirani ndio waliniokoa: mmoja alinifundisha kubana ncha za kebo, mwingine akanifundisha ruta na anwani za mtandao. Nilikuwa mwanafunzi mwenye mvi, na walinitania sana, lakini nilielewa.

Ndipo nikaitwa na hospitali moja ndogo ya milimani, upande wa Mamba, ambayo sitaitaja. Katibu wa Hospitali alitaka simu mbili za kupitia mtandao, moja ofisini kwake na nyingine wodi ya wazazi. Simu za mkononi zilikuwapo, lakini majengo yale yamekaa nyuma ya kilima. Ukitaka kupiga, lazima upande hadi shuleni, mwendo wa zaidi ya nusu saa.

Nilinunua swichi ndogo. Kwa asiyeijua, swichi ni kijisanduku cha chuma, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, chenye matundu nane ambayo ninyi mnayaita poti. Kila kifaa cha mtandao kinachomekwa kwenye poti yake, na swichi inapeleka mazungumzo kwa anayehusika. Hii ilikuwa ya aina mnayoiita pi-o-i: inapitisha umeme ndani ya kebo ileile ya mtandao, kwa hiyo simu haihitaji plagi ukutani. Nilipotazama nyuma yake nikasoma volti arobaini na nane, nilicheka peke yangu. Ilikuwa betri yetu ya zamani, imerudi katika nguo nyingine. Nikajiona nimefika nyumbani, na mtu aliyefika nyumbani hasomi maelekezo ya mlangoni.

Niliifunga kwenye kabati dogo la ukutani, mbali na unyevu, nikaacha nafasi juu yake ipumue. Poti ya kwanza, simu ya ofisi. Poti ya pili, antena ya paa inayopokea mtandao kutoka mnara wa ng'ambo ya bonde. Simu ya wodi ya wazazi nikaipeleka poti ya nane. Ya mwisho. Mkono wangu ulikwenda huko wenyewe. Taa ya kijani ikawaka, muuguzi wa wodi, mama aitwaye Namkunda, akapiga Same na kupokelewa. Alipiga makofi. "Fundi, umetuondolea safari ya kilima," alisema.

Mwaka uliofuata Katibu aliniita tena. Betri za sola zilikuwa zimeibwa stoo.

"Nataka kamera tano," alisema. "Hicho kisanduku chako kina matundu matano yamekaa bure."

Sasa nisikilizeni vizuri. Swichi ina kipimo cha umeme wote inaoweza kugawa, na yangu ilikuwa wati sitini. Nilihesabu: kamera moja wati tano, zote tano ishirini na tano, simu na antena hazifiki ishirini. Jumla haikufika hamsini. Nilizifunga, zikawaka, nikatia sahihi. Lakini nilihesabu mchana wa jua kali. Kamera zile kukiwa na kiza huwasha taa zake za siri ili zione, na kila moja hula wati kumi. Usiku hakuna aliyegundua lolote, maana usiku mganga huwa yupo na gari lipo, hakuna wa kupigiwa. Mimi, mtoto wa milimani, nikausahau ukungu, unaoleta kiza mchana.

Na kuna jambo la pili ambalo ningelijua kama ningesoma maelekezo yake. Umeme ukizidi kipimo, swichi haizimiki yote. Inachagua wa kumnyima, na usipoiambia vingine, inaanza na poti ya mwisho.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka madirishani. Mganga Mfawidhi alikuwa ameshuka kliniki ya Ndungu na gari pekee la hospitali. Katibu alikuwa kikaoni Same, ofisi yake ameifunga, ufunguo mfukoni. Mke wa mkulima mmoja wa tangawizi alijifungua salama mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kusimama. Namkunda alikuwa peke yake na mhudumu mmoja. Aliinua simu, akabonyeza namba za mganga. Kimya. Akabonyeza tena. Akamtuma mhudumu akimbie shuleni kwenye kilima. Gari lilipofika, yule mama alikuwa amefunikwa shuka.

Niliitwa siku ya pili. Jua lilikuwa linawaka, milima imetakata. Niliinua simu ya wodi mbele ya wajumbe wa kikao cha bodi ya hospitali, ikalia vizuri kabisa.

"Simu ni nzima?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ni nzima," nilijibu, na niliamini.

Namkunda alisimama. "Nilipiga, wazee wangu. Mungu ananiona, nilipiga."

"Simu hiyo hapo inalia," Mwenyekiti alisema. "Wewe ulipatwa na woga tu. Ulimwacha mgonjwa ukashika kichwa, sasa unasingizia simu." Wiki hiyohiyo aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi.

Wiki tatu baadaye nilipanda kukaza antena ya paa iliyolegea. Ukungu ulishuka nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Nilisikia kamera ya stoo ikitoa mlio mdogo, na taa ya poti ya nane ikazimika mbele ya macho yangu. Nilikimbia wodini, nikainua simu. Ilikuwa imekufa. Nilikaa chini kwenye sakafu, wazazi wakinitazama na vitoto vyao.

Nilikwenda kwa Katibu palepale, nikamweleza yote. Alifunga mlango.

"Fundi, kikao kimeshamaliza kazi yake," alisema. "Ukilifungua jambo hili, wataniuliza kwa nini simu nzima ya pili nilikuwa nimeifungia ofisini. Na wewe watakuuliza umesomea wapi. Hamisha huo waya."

"Na muuguzi?"

"Ameshaondoka. Hospitali zetu nyingine nne zinataka simu, na jina nililowapa ni lako. Hamisha waya, mzee wangu."

Nikauhamisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi: simu ya wodi niliitoa nane nikaiweka moja, ya ofisi ikaenda nane, nikaingia kwenye ukurasa wa swichi na kuipa simu ile haki ya kwanza ya umeme. Haya ndiyo ninyi mnayafundishwa siku ya kwanza darasani. Kisha nikafunga simu katika zile hospitali nne nyingine, vizuri, bila kosa, nikasifiwa, nikala jasho langu, nikanyamaza. Nasema wazi kwamba nilijichukia, na kwamba kujichukia hakukunizuia kupokea kazi iliyofuata.

Macho yalipoanza kunisumbua nilistaafu, na nilipokosa kazi ya kujifichia nikashindwa kuvumilia. Katibu alikuwa amefariki, Mwenyekiti vilevile. Nilimtafuta Namkunda, nikamkuta Ndungu, anapepeta mchele mbele ya nyumba ya dada yake. Amezeeka kunizidi, ingawa ni mdogo kwangu.

"Shikamoo, fundi," alisema, akanitolea kiti.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Kamera, ukungu, poti ya nane, Katibu. Ungo ulitulia mikononi mwake.

"Kwa hiyo simu ilikuwa imekufa," alisema.

"Ilikuwa imekufa, mama. Ulipiga sawasawa."

"Mimi miaka yote hii najua nilikosea namba." Alitazama kidole chake. "Mkono mmoja ulikuwa umeshikilia yule mama, nikabonyeza kwa mwingine, umejaa damu. Nikasema labda uliteleza. Nilikwenda kwa mume wake, fundi. Nilipiga magoti nikamwambia nimekuulia mke, nisamehe."

Nilimwahidi nitaandika kila kitu, na jina langu litakuwa chini, ili kila mtu ajue alipiga.

"Andika," alisema. "Lakini yule baba siku hizi haoni. Barua zake anasomewa na binti yake. Yule aliyezaliwa siku ile."

Akaendelea kupepeta. Sikukaribishwa tena kukaa, na sikustahili.

Basi nimeandika. Nakala ya yule baba nimeitia kwenye bahasha, lakini sitaki yule binti aisome kwa sauti mbele ya baba yake kabla sijafika mwenyewe kusema kwa mdomo. Gari la kwenda Mamba linapita hapa kwangu kila siku, na dereva ameshazoea kunikuta nimesimama barabarani na bahasha mkononi. Mwanzoni alikuwa anasimama, nami sipandi. Sasa ananipigia honi tu na kupita.