Kidole cha Mwenyekiti

Sisi Wakenya wa Muscat, Oman, miaka ile ya tisini tulikuwa tunaabudu Ijumaa, kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi. Ijumaa moja baada ya ibada, chama chetu cha kusafirisha maiti nyumbani kilikutana kwenye sebule ya mwenzetu mtaani Ghubra. Mwenyekiti, fundi mkuu wa gereji, alitaka pesa za chama zimwandalie karamu mgeni mkubwa kutoka Nairobi.

"Mama, fungua kisanduku," alimwambia mweka hazina, huku akimwonyesha kwa kidole kama anayeagiza soda.

Mama yule, mpishi wa shule, hakuinuka. Alikipakata kisanduku na kukifunika kwa viganja vyote viwili.

"Pesa hizi ni za kumrudisha mtu kwao akifa. Mgeni wako ni mzima."

"Mimi ndiye mwenyekiti! Naweza kukuondoa leo leo!"

"Kwani ni wewe ulinichagua? Walionichagua ni hawa." Akatugeukia. "Anayetaka nifungue, ainue mkono."

Tulitazama zulia. Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja, wa mwenyekiti mwenyewe, tena ukiwa na kikombe cha chai.

Mgeni alikuja, akala pilau tuliyochangia kutoka mifukoni mwetu. Kisanduku hakikufunguliwa.

Nimeona watunza hazina wengi wa kuteuliwa, wanaofungua sefu wakionyeshwa kidole kimoja tu. Mama alikiona kidole vizuri sana. Akaomba kuona mikono.