Mume wangu kagombezwa kwa sababu ya dawa yangu ya macho

Jamani, leo mume wangu kagombezwa bure na mimi nimeshindwa kumtetea.

Nina presha ya macho, na ni mjamzito. Daktari kanibadilishia dawa ya matone. Akasema nikishaweka nifumbe macho, nibonyeze kona karibu na pua, ili dawa isipite kwenye damu ikamfikia mtoto.

Basi asubuhi nimekaa barazani hapa Rusimbi, nimefumba, nimebonyeza. Tone likanichuruzika shavuni.

Mume wangu anaingia na samaki wake, migebuka.

Bibi mwenye nyumba akamrukia: "Mwanamke ana mimba, wewe unamliza!"

"Bibi, ni dawa," nikasema.

"Usimfichie!"

(Mimi hapo sioni kitu, nasikia tu mume wangu anarudi nyuma.)

Nilipofumbua macho nikamweleza bibi yote. Akakaa karibu yangu, akanishika tumbo.

"Kumbe mwenzetu umeshaanza kulea."

Hapo sasa nikalia kweli.

Jirani wa chumba cha pili akatokea, akaniona, akamgeukia mume wangu.

Mpeni pole jamani. Migebuka bado kaishika mkononi.