Katoni ya Msiba

Kila siku ndugu yake aliposimama bungeni, Sulufaiga hakupika. Alikaa mkekani na redio mapajani, kama amempakata mtoto mwenye homa, na ole wake atakayepita pale akikohoa. Pelenato, mumewe, alikula magimbi ya jana, ya baridi, bila neno. Alikuwa mwanamume aliyehamia kwa wakwe, na miaka thelathini ilikuwa imemfundisha lini anyamaze.

Ndugu huyo ni Fereti, kitinda mimba wa mama yao. Ukoo ulimpa uchifu wa Manulea, jina la familia yao, jimbo likamtuma bungeni Apia, mji mkuu wa Samoa, na huko akaketi upande wa upinzani, watu watano kwenye benchi moja. Wenzake walipenda mambo makubwa, katiba na mikopo ya nje. Fereti aliongea habari za mkate. Mwaka wa kwanza aliingia na mkate na mzani mbele ya Spika, akaonyesha kwamba ule ulioandikwa nusu kilo haufiki hata ukiulowesha. Ikaja mizani ya wanunuzi wa magimbi, ambayo ajabu yake haijawahi kukosea kwa faida ya mkulima. Ikaja bei ya petroli huku kisiwani kwetu Savaii, zikaja feni zinazouzwa bila dhamana na kuungua wiki ya pili. Kila mara Waziri wa Biashara alinyanyuka, akasafisha koo, akasema, "Mheshimiwa Spika, ndugu yetu huyu tumtafutie kibanda sokoni. Naona amekosea mlango." Upande wa serikali ukaangua kicheko mpaka redio ikakwaruza, hoja ikapigiwa kura, ikaanguka. Kwa miaka mitatu haikupita hata moja.

"Wacheke tu," Sulufaiga alimwambia Jumapili, Fereti alipokuja kula baada ya ibada. "Kwani wao mkate hawali?"

"Wanakula, dada. Ila hawanunui."

"Shemeji, jitahidi basi uingie serikalini," Pelenato alitania. "Angalau nile chakula cha moto."

Mwaka huo serikali ilileta muswada wake wa biashara, mrefu, umejaa leseni na kodi. Fereti aliandika kifungu kimoja tu cha kuongeza: duka likikutwa na chakula kilichopita tarehe, chakula chote kitolewe rafuni na mwenye duka apelekwe mahakamani. Jina la mtu hakuliandika, lakini huku kila mtu alijua ni Seuli anayesemwa, mwenye duka kubwa la njia panda, anayeuzia vijiji sita. Kura ilipangwa Jumanne.

Jumatano kabla ya hapo, Sulufaiga alikuwa kwenye kikao cha kina mama na Pelenato akarudi shamba tumbo limegusana na mgongo. Chini ya kitanda palikuwa na katoni ya samaki wa kopo. Kila nyumba ya kwetu ina katoni kama hiyo na hakuna anayeigusa, maana si ya kula, ni ya kutoa. Ukifiwa unaletewa, jirani akifiwa unampelekea. Inatoka nyumba hii inaingia ile, gundi yake haijabanduliwa, na kila familia huandika jina lake chini ili ijulikane nani kaleta nini. Chini pakijaa, wanaandika ubavuni. Ndivyo tunavyoheshimiana. Pelenato, Mungu amrehemu, aliona njaa ni kubwa kuliko heshima. Akaifungua, akala kopo moja na magimbi yake.

Ijumaa alianza kuona kila mtu wawili wawili, akafanya mzaha kwamba Bwana amemwongezea mke. Jumamosi mzaha uliisha. Kope zilianguka, ulimi ukawa mzito, hata maji hayakupita kooni. Daktari wa wilaya alipoletewa kopo lililobaki jikoni, alilishika kwa vidole viwili. Tarehe yake ilikuwa imepita miaka miwili.

"Mama, hii ni sumu ya kopo. Dawa yake hatuna hapa. Tumeiomba New Zealand."

"Inafika lini?"

"Tumeomba," daktari alirudia, akatazama pembeni.

Sulufaiga alirudi nyumbani akajifungia na hasira yake. Alitaka kitu kimoja tu sasa, kifungu cha Fereti kipite. Mumewe kama anakufa, basi asife kipumbavu kwa kopo, afe na sheria imeandikwa. Akaivuta ile katoni. Ubavuni palikuwa na jina la jirani yake Lepeka, aliyeileta mwaka jana shangazi alipozikwa. Kusema mbele za watu kwamba zawadi ya Lepeka imeua ni kuutemea mate ukoo mzima wa Lepeka, na hilo huku halisameheki. Akalowesha majivu, akasugua jina mpaka likabaki doa. Feri ya kwenda mjini haimngojei mtu. Hakuigeuza kuitazama chini.

Jumatatu alivuka, akaiweka juu ya meza ya Fereti mjini.

"Waonyeshe hii."

Fereti alichukua kopo moja, akaona lilivyotuna, akasoma tarehe. Uso ukambadilika. "Ilinunuliwa wapi?"

"Kwa Seuli."

"Ulinunua wewe mwenyewe?"

"Fereti. Siku hizi unanihoji?"

Aliinamisha kichwa. Kwetu kaka hambishii dada yake, na dada anapoleta jambo, kaka analibeba lilivyo. Sheria nzuri hiyo, imelinda wengi. Siku ile iliwatosa wote wawili.

Jumanne Sulufaiga alikuwa amerudi wodini, redio kwenye mto karibu na sikio la Pelenato. Fereti hakuwahi kuongea vile. Hakupiga kelele. Alisema shemeji yake amelala hawezi kumeza mate yake mwenyewe, kwamba si mwanasiasa, ni mkulima wa magimbi aliyekuwa na njaa. Aliweka makopo mezani moja moja, na kwenye redio ilisikika kila moja likigusa mbao. Hakuna aliyecheka. Mbunge mmoja wa serikali alisema "Naam," na mwingine naye. Sulufaiga alimfinya mumewe mkono. "Unasikia? Wanakubali!"

Kisha Waziri akaomba aletewe katoni.

"Mheshimiwa Spika, mimi pia nimezaliwa Savaii," alisema, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi. "Mama yangu alinifundisha kwamba katoni usisome ubavuni tu. Naigeuza. Hapa chini naona majina matatu. La kwanza limefifia, lakini linasomeka: Familia ya Manulea, msiba wa mchungaji wa Lotopua. Huo msiba ni wa miaka minne iliyopita, nilihudhuria. Samaki hawa walitoka dukani wazima. Aliyewatoa ni Mheshimiwa mwenyewe, wamezunguka misiba, wamerudi nyumbani kwao. Sasa atuambie, nani apelekwe mahakamani?"

Kicheko cha siku hiyo sitaki kukisimulia. Spika alipiga nyundo, naye anacheka. Fereti hakusema ni dada yake aliyemwambia zimenunuliwa kwa Seuli. Kifungu kikaanguka, na kura za "ndiyo" hazikufika hata tano.

Sulufaiga alizima redio. Pelenato hakuweza kufungua macho, lakini chozi lilimtoka kwenye kope iliyoanguka likaingia sikioni, Sulufaiga akalifuta kwa upindo wa kanga. Alhamisi Pelenato aliacha kupumua. Dawa ilifika uwanja wa ndege Ijumaa.

Fereti alikuja akiwa na suti ileile ya Jumanne. Walikaa nyuma ya nyumba, karibu na jiko la mawe.

"Nilifuta jina la Lepeka," Sulufaiga alisema.

"Nimejua. Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningekuambia, ungeipeleka?"

"Hapana."

"Basi."

Alilia hapo, bila kujificha, akimpiga kaka yake ngumi begani, ngumi zisizo na nguvu, na Fereti akamwacha ampige. Alipotulia, kaka akasema kwa sauti ya chini, "Watu mia sita wanakuja kesho. Wakwe wote wa upande wa Pelenato. Hatuna hata katoni kumi za kuwarudishia. Maji yamenifika shingoni."

Kumzika mtu kwetu si kumfukia. Ni kupokea na kugawa, na atakayeondoka mikono mitupu ataisimulia aibu yako mpaka kwa wajukuu. Jumamosi Fereti alisimama mbele ya nyumba na fimbo ya uchifu, kila zawadi ikiingia anainadi kwa sauti na kumshukuru aliyeileta. Sulufaiga aliketi kichwani pa marehemu. Mikeka ililetwa, ndoo za nyama ya chumvi zikaletwa, lakini watu walikuwa wengi na rundo lilikuwa dogo, na wazee wa upande wa Pelenato walianza kulikodolea macho.

Saa tano lori la Seuli likaegesha. Seuli alishuka na shati jeupe, Biblia kwapani, na vijana wake wakaanza kushusha katoni za samaki. Arobaini. Umati ukaguna kwa kuridhika. Wabebaji walipita mbele ya Sulufaiga, na mazoea ya siku zile yakampeleka jicho kwenye tarehe. Miezi kumi na moja imepita. Akatazama ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu. Gundi nzima, ubavu mweupe, na kijana mmoja alipojikwaa na katoni ikapinduka, chini yake napo hapakuwa na jina. Zilitoka dukani moja kwa moja, jua linawaka, mbele ya vijiji sita. Ushahidi ambao Fereti aliukosa Jumanne ulikuwa unapangwa miguuni pake.

Akaona inawezekana. Sasa hivi, mbele ya wote.

"Fereti," aliita. Watu wakanyamaza, maana mjane alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. "Kabla hujashukuru. Wasomee tarehe."

Seuli alihamisha Biblia kutoka kwapa hili kwenda lile.

Fereti aliinama, akainua katoni moja, akaisogeza karibu na macho. Alikaa nayo hivyo mpaka mtoto mmoja akaanza kulia na mama yake akamziba mdomo. Alimtazama Seuli. Aliwatazama wazee wa upande wa Pelenato, waliokuwa wamekwisha kuhesabu kwa macho na kujua nani atapata ngapi. Mwisho alimtazama dada yake, naye hakukwepesha macho.

"Mwakani," Fereti alisema. "Mwezi wa tano."

Kisha akainua fimbo na kuita kwa sauti yake ya bungeni, ile ya kujaza ukumbi, kwamba familia ya Manulea imeuona upendo wa Seuli, imeuona ukarimu wake, na Mungu aibariki biashara yake. Ilikuwa hotuba nzuri. Watu walipiga makofi, na hakuna aliyecheka.

Wote wakamgeukia mjane, kwa kuwa kauli ya mwisho ilikuwa yake. Sulufaiga aliweka kiganja juu ya kifua cha Pelenato, akahisi baridi yake kupitia kitambaa.

"Asante, Seuli," alisema, akawaambia wanawake waanze kugawa.