Laini ya Jirani

Mama yangu ni fundi cherehani Mashimoni, Kibera, na sijaona mtu mkaidi kama yeye. Nasema hivyo kwa kumsifu. Alipolemewa na mkopo wa vitambaa, hakuzima simu wala kuhama nyumba, kama ambavyo mimi ningefanya. Alienda mwenyewe ofisini kwa waliomkopesha, akaketi, akatia sahihi mkataba wa kulipa kidogo kidogo kila Ijumaa mpaka deni liishe.

Kosa lilikuwa langu. Laini yake ya simu ilikuwa na deni jingine dogo, lililomeza kila shilingi iliyoingia kabla hajaiona. Mimi, mjuaji wa familia, nikamwambia afanye kama watu wote wa ploti yetu: pesa zikae kwa laini ya jirani. Jirani huyo, mama anayeuza omena mlangoni pake, alikubali bila kuuliza ni za nini. Kila Ijumaa nilichukua simu ya jirani nikalipa, na mahali pa akaunti, badala ya namba ya Mama, nikaandika hiyo ya jirani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilipa. Lile deni dogo liliisha, mazoea yakabaki. Hakuna aliyetupigia kulalamika, nasi tukadhani kimya hicho ni shukrani. Mwaka mmoja na nusu Mama hakukosa Ijumaa hata moja, hata wiki ambazo sisi wenyewe tulilala na chai tupu.

Alipomaliza, shule moja ya Kawangware, karibu na ninapopanga siku hizi, ikataka amshonee kila mwanafunzi sare. Sharti ni awe na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, kabla shule hazijafunguliwa. Sacco yake ilikuwa tayari kumkopesha, ila walitaka ripoti ya CRB, yaani lile daftari la nchi nzima linaloonyesha nani analipa mikopo na nani anakwepa. Tukaitoa kwenye saiba, duka la intaneti.

"Inasema nini?" Mama akauliza. "Soma."

Nikasoma. Deni la vitambaa lilikuwa pale zima, halijalipwa hata senti, na alama za Mama za kukopesheka zilikuwa chini kabisa. Malipo yote yalikuwa yameandikwa kwa namba ya jirani, ambaye hakuwa na deni lolote. Niliona aibu. Nilingoja anitukane, na nilistahili.

"Twende kwa jirani," akasema. "Hizo meseji za malipo bado anazo?"

Alikuwa nazo zote. "Si ni pesa ya mtu?" jirani akashangaa. "Ningefutaje?"

Kesho yake wanawake hao wawili walivaa nguo za kanisani wakaenda kwenye ile ofisi ya mkopo wa vitambaa, nami nikiwafuata nyuma na ripoti. Kijana wa kaunta akatutazama. "Mathe, acha namba, tutakucheki."

"Siachi namba, na siendi mahali," Mama akamjibu kwa upole, akaketi. Kufikia saa saba meseji zote zilikuwa zimenakiliwa, moja baada ya nyingine.

Baada ya wiki mbili ripoti ilibadilika: deni limelipwa lote, kwa kuchelewa. Alama zilipanda kidogo tu. Nikachemka. Nilitaka tupinge na hilo neno la kuchelewa, maana lingekaa pale miaka.

"Nilichelewa," Mama akasema. "Hiyo ni ukweli, iache. Mimi nilienda kuondoa uongo."

Kwa alama hizo sacco walimpa nusu ya alichoomba. Alinunua ovaloki kuukuu yenye mguu uliochomelewa, akashona mchana kutwa, na sare zikafika Kawangware siku moja kabla ya kengele ya kwanza. Karani wa sacco alimweleza kwamba alama zitapanda polepole, mradi kila malipo yaingie kwa wakati na kwa jina lake.

Ijumaa ya kwanza alilipa mwenyewe, kwa laini yake, akibonyeza namba moja moja huku amenikataza kugusa. Risiti ya sacco ilipoingia, akanipa simu.

"Soma jina."

Nikasoma majina yake yote matatu.

"Tena," akasema.