Mung'omba wa Kilwa na Vipepeo vya Bwana

Viatu vyangu vya kwanza vilikuwa vinalia. Nilivinunua Elizabetvile, nikaingia misa ya Noeli nimechelewa, kwii, kwii, mpaka padri akanyamaza aningojee nikae. Kalumba, bibi niliyemuoa, mpaka leo anacheka. Basi, na viatu vile miguuni nikaenda Kilwa, ile ya ziwani.

Nilikuwa nabeba wavu wa musungu mumoja, mukusanya vipepeo. Sasa akataka na mung'omba, ile ndege kubwa nyeusi, koo nyekundu, inatembea chini kama muzee anatafuta funguo. Kalumba alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilipotea. Akaniambia mulangoni: "Vipepeo, ua. Mung'omba, hapana. Baba ya mutoto haiuaki ile."

Siku ya tatu kamyo ya mizigo ikatufikisha Kilwa. Tulilala kwa Mama Ngosa, muuza samaki. Nikamuuliza: "Mama, vipepeo nimebinya vifua mia na mia. Mung'omba inawapita nini?"

"Ee, weye baba! Kipepeo anataga, anaenda zake, hajui watoto. Mung'omba analea mumoja tu, miaka na miaka, ukoo muzima unamulisha."

Alfajiri tukawasikia mung'omba porini. Bantu ba kule banasema jike analia, "Ninaenda kwetu!" na dume anajibu, "Enda, enda!"

Bwana, yule musungu, alikuwa anatetemeka na homa, akanipa bunduki. Ndege ikasimama hatua kumi, ikanitazama. Iko na kope, ndefu kama za bibi-arusi!

"Piga!"

"Bwana, nina mimba nyumbani."

"Weye una mimba?" Akacheka, kisha akakasirika. "Piga, makaku, nyani weye!"

Nikapiga mawinguni. Ndege ikaruka.

Njia yote ya kurudi nilijiuliza: labda kushika bunduki tu inatosha kuharibu mimba?

Nyumbani, Kalumba akasimama mulangoni. "Mikono?"

"Safi."

Mvua ya kwanza mutoto akazaliwa, akalia kushinda viatu vyangu. Nikakaa chini, nikacheka peke yangu.

Kesho yake Bwana akatuma muntu: twende tena, vipepeo. Nikafikiri. Ile ndege ilinitazama mara moja tu. Vipepeo, hata kimoja sikukitazama kabla ya kubinya. Ni hiyo tu nilijifunza. Nikapeleka wavu kwake, nikauegemeza mulangoni, nikaenda zangu, kwii, kwii. Sikurudi.