Tanki Tulilolipaka Rangi ya Fedha

Harufu ya rangi ya fedha, ile watu wanayopaka mageti, hunipandisha hasira hadi leo. Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikitafuta misumari ya kutundikia pazia, nikapita karibu na mzee mmoja aliyekuwa amefungua kopo na kuchungulia ndani. Nikatoka bila misumari. Mtanicheka, najua. Lakini nyinyi hamkuishi na lile tanki, ndiyo maana nawasimulia, msije mkadhani nina wazimu.

Lilikuwa tanki la maji ya moto, la gesi, limesimama nje nyuma ya nyumba tuliyopanga kule Guildford, mtaa wa wahamiaji magharibi mwa jiji, likiegemea ukuta wa chumba cha kufulia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nililichukia vile mtu anavyomchukia jirani mgomvi. Ukifungua bomba la moto, linaanza kunguruma tumboni kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni, halafu linagonga mara mbili tatu, halafu linanyamaza kana kwamba halikufanya kitu. Maji yenyewe yalitoka na rangi ya chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Kile kimoto kidogo cha chini, kinachotakiwa kuwaka saa zote, kilizimika kila upepo ulipobadilika, na Baba alitoka na kiberiti chake cha mdomo mrefu, akapiga magoti kwenye saruji, akakibembeleza kwa maneno matamu ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuyasikia. Na chini kabisa kutu ilikuwa imelitafuna bati, ukiligusa linabaki mkononi, na pale chini palikuwa na kidimbwi ambacho hakikukauka hata wakati wa joto. Mama alikiwekea beseni.

Yaani lile tanki lilituambia kwa kila njia kwamba limekwisha. Halikuhitaji mganga wala mtabiri. Sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Niliuliza, tena zaidi ya mara moja, kwa nini hatumwambii yule wakala wa nyumba ambaye Baba alimwita ejenti. Baba alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Weye, nyamaza," alinijibu. "Tukimuderanje, tukimusumbua huyu ejenti, atasema tutoke. Kambini, mutu wa kulalamika, dosie yake ilikuwa inalala chini ya zingine zote."

Baba na Mama walikaa kambini miaka tisa baada ya kutoka Kongo, wakisubiri dosie yao, yaani faili la maombi yao, ipande juu. Kila jambo alilipima kwa dosie. Mimi nilitoka huko mdogo sana, sikumbuki chochote, na katika umri ule niliona ni kisingizio tu cha mwoga. Nawaambieni ukweli nilivyouhisi.

Ikaja karantini ya pili ya ule ugonjwa uliofunga dunia, katikati ya majira ya baridi. Upande wa baharini, wanakoishi wenye pesa, watu walitembeza mbwa wao na kunywa kahawa. Kwetu magharibi helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa mchana kutwa, na wenzao waliwasimamisha watu njiani kuwauliza wanakwenda wapi. Baba aliruhusiwa kwenda kwenye bohari alikopakia maboksi. Mama aliruhusiwa kwenda kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, huko Granville, kuwaogesha na kuwalisha watu ambao watoto wao wenyewe walikuwa wamezuiwa kuwaona.

Mama aliogopa kutuletea ule ugonjwa kuliko alivyowahi kuogopa chochote. Alirudi saa tisa alasiri, akaingia kwa mlango wa nyuma moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia, akavua nguo zote za kazi na kuzitumbukiza ndani ya mashine, akajifunga kitenge, akapita bafuni. Mpaka aoge kwa maji ya moto na kujisugua hadi awe mwekundu viganjani, hakuruhusu mtu amguse. Mdogo wangu Amani, aliyekuwa na miaka mitatu, hakuelewa. Alijua tu kwamba mama yake yuko nyuma ya mlango na mimi nimemshika. Alilia, akanipiga mateke, akaniuma. Kazi yangu ilikuwa kumzuia chumbani hadi Mama atoke. Kwa hiyo maji ya moto nyumbani kwetu hayakuwa anasa. Ndiyo yaliyosimama kati ya Mama na kumbeba mtoto wake.

Siku moja ejenti akaandika. Kila baada ya muda alikuwa akija kukagua nyumba, lakini sasa kwa sababu ya ugonjwa asingekuja. Tupige picha wenyewe, tumtumie. Akataja vitu vya kupigwa picha: jiko, bafu, mazulia, ua, na tanki la maji ya moto.

Nikasema hapo sasa, hatulalamiki, tumeombwa! Wacha waone.

Hamkumjua Mama. Kwa Mama, mtu anayetazama nyumba yako, awe amesimama mlangoni au yuko ofisini kwake anatazama picha, ni mgeni. Na mgeni haonyeshwi uchafu. Siku mbili nzima tulisugua. Alinisimamisha juu ya kiti nikafuta vumbi juu ya makabati ambako hata buibui walikuwa wamehama. Zulia lililokuwa na doa alilifunika kwa meza. Na siku ya pili, Jumapili, Baba akatoka na kopo la rangi ya fedha lililobaki alipopaka geti la kanisa, akaanza kulipaka tanki.

Nilitoka nje na simu mkononi nikamkuta Mama amepiga magoti, ameshakausha dimbwi kwa tambara, anasukuma beseni nyuma ya pipa la taka.

"Mama, they need to see the rust," nikasema kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto tukikasirika.

"Baone kutu ya nani?" akanijibu bila kugeuka. "Kutu yangu? Batasema huyu mwanamuke wa Kongo anaishi katika uchafu. Piga foto."

Akaburuta ndoo yake ya mchaichai akaiweka mbele ya tanki, pale chini ambapo rangi ilikuwa imegoma kushika. Na mimi, nikiwa nimenuna, nilipiga. Nilipiga ya kwanza, majani hayakufunika vizuri. Nikasogea kushoto hatua moja, nikainama kidogo, nikaona tanki linang'aa na mchaichai umelipamba na jua limelipiga ubavuni. Nikapiga ya pili. Ilikuwa picha nzuri, na nisiwafiche, niliifurahia.

Ejenti akajibu kwamba nyumba imetunzwa vizuri sana. Baba alinisomesha ule ujumbe mara mbili, halafu akauchapisha maktaba ilipofunguliwa, akauweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vyetu vya uraia.

Hazikupita wiki mbili tanki likafa. Halikupasuka, halikupiga kelele. Kimoto kilizimika na hakikukubali tena, na maji yakatiririka kutoka chini usiku na mchana yakiibabua ile rangi ya fedha vipande vipande. Baba alifunga bomba lililokuwa likiliingizia maji. Nikasema sasa piga simu. Akanitazama kama mtoto mjinga.

"Nitasema nini? Juzi tulituma foto, iko muzuri. Sasa tuko waongo?"

Ndipo tukarudi kwenye sufuria. Mama alikuwa na sufuria kubwa la shughuli, lile la kupikia wali wa kanisani. Saa nane na nusu mimi nililiinjika jikoni, na Mama akifika anavua, anajifunga kitenge, analibeba mwenyewe kwa matambara mawili kupita koridoni hadi bafuni. Mimi nilikatazwa kabisa kulishika. Yeye na Baba walifanya haya bila hata kunung'unika. Kuoga kwa maji ya sufuria hawakuona ni shida, ndivyo walivyooga maisha yao yote. Mimi niliwaona wameridhika na dhiki na nikawadharau, tena waziwazi. Nilijifunza kufunga mlango kwa kishindo mwaka ule.

Siku ile nilikuwa na jaribio la hesabu kwenye kompyuta, vipokea sauti masikioni. Amani alikuwa amekaa miguuni pangu na gari lake. Nilikuwa nimemfungia mlango kwa kitasa ambacho nilijua hakishiki. Swali la saba lilinishinda, nikainama kuandika. Sikusikia mlango wa nyuma. Yeye alisikia.

Nilichosikia mimi, kupitia vipokea sauti, ni sufuria kuanguka.

Mama alinisimulia baadaye kwa maneno machache. Alikuwa katikati ya korido, mikono imejaa, akamwona Amani anakuja mbio amefungua mikono. Hakukuwa na pa kuliweka. Akageukia ukutani akajimwagia mwenyewe, mkono wa kulia na paja lote. Nilipotoka nilimkuta amekaa sakafuni kwenye mvuke, mkono ameuinua juu, na Amani amesimama hatua mbili kutoka kwake, mkavu, hana hata tone, analia kwa sababu Mama alimfokea asisogee. Nilimburuta Mama chini ya bomba la baridi na kupiga namba ya dharura. Watu wa ambulensi walikuja wamevaa kama watu wa mwezini.

Hospitalini walimuuliza ilikuwaje. Baba hakuruhusiwa kuingia, lakini mimi nilikuwa nimewekwa kwenye simu nitafsiri. Mama akasema, "Waambie nilikuwa napika wali."

Nikatafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, na nilipomaliza nikakata simu, nikampigia ejenti. Sikumwomba ruhusa mtu. Nilimwambia kila kitu kwa Kiingereza kisicho na adabu hata kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu kwa sauti baridi akasema anashangaa sana, kwa sababu picha tulizotuma zinaonyesha tanki jipya kabisa.

Picha nilipiga mimi.

Kesho yake akaja fundi bomba, mwanamume mnene mwenye barakoa iliyoshuka puani. Alisogeza mchaichai kwa mguu. Akakwaruza chini kwa bisibisi, rangi ya fedha ikabanduka na bati likafuata, likafuata, hadi bisibisi ikazama ndani. Akasoma kibandiko cha ubavuni akapiga mluzi. Akatuambia lilikuwa limekwisha miaka mingi nyuma, lilioza kuanzia ndani, rangi haikuliponya wala haikuliua. Akauliza nani alilipaka. Baba akanyoosha shati lake kama yuko mbele ya ofisa, akasema, "Ni mimi."

"Matanki hufa," yule fundi akamwambia. "Hakuna aliyekosa. Ukisikia linanguruma, piga simu."

Baba aliendelea kusimama vilevile, kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya hukumu. Tanki jipya liliwekwa baada ya siku mbili. Siku mbili tu, jamani! Picha moja mbaya ingetosha.

Nilikaa na hasira yangu miaka. Kwa ejenti, ambaye hata pole hakumpa Mama, na huyo sijamsamehe hadi leo wala sijajaribu. Kwa Baba na upole wake. Sikuelewa yale maneno ya fundi yalimpata Baba wapi hadi nilipokuwa mtu mzima na kuanza kuwauliza habari za kambini. Huko, kitu kikiharibika, swali lilikuwa moja: nani ameharibu? Hema likichanika, bomba likikauka, mtu alitafutwa na jina lake likaandikwa. Maisha yao yote hawakuwahi kuishi mahali ambapo kitu kinaweza kuzeeka chenyewe na asilaumiwe mtu. Walilificha tanki lile kama mtu anavyoficha kosa. Na mimi niliyejua Kiingereza, niliyejua kwamba hapa mambo ni tofauti, ndiye niliyesogea kushoto hatua moja ili picha ipendeze.

Sasa nimepanga mwenyewe, huko Doonside. Mwezi uliopita tanki langu lilianza kunguruma. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, akasikia kabla yangu, akasimamisha kikombe chake hewani. Tukatoka nje sote wawili. Palikuwa na kutu, na kidimbwi. Nilitoa simu, na nikamwona anainama na tambara la jikoni mkononi, nikasema moyoni, tunaanza tena, nikafungua kinywa kumgombeza.

Hakufuta. Alitumia tambara kushika chungu cha maua ambacho mpangaji wa kabla yangu alikiacha pale mbele, akakivuta pembeni kwa ule mkono wake wa kulia, ulioliwa na maji ya moto hadi kwenye kiwiko.

"Sogea karibu," akaniambia. "Hapo kutu haionekane muzuri."