Shemeji Douwe Atafuta Nchi Yenye Jua

Shemeji yangu Douwe Hoekema alifungua daraja la kijiji chetu kwa miaka thelathini na tisa. Mashua ikija, anasimamisha magari, anainua daraja, mashua inapita, anashusha daraja. Kila nahodha alimpungia mkono na kumwambia anakokwenda: Ufaransa, Hispania, visiwa vya Ugiriki. Douwe naye alirudi kibandani mwake kula mkate wa jibini. Kwa hiyo alipostaafu na kusema kwamba sasa ni zamu yake kupita, hakuna aliyeshangaa.

Ila safari yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mikono ya dada yangu. Aukje ana baridi yabisi ya vidole, na majira ya baridi ya kwetu Friesland, kaskazini mwa Ulaya, hayana huruma. Ikifika Desemba hawezi kufunga kifungo cha koti wala kumenya kiazi. Daktari alimwambia bila kuzunguka: tafuteni nyumba ya pili kusini, mkae huko tangu Novemba hadi Machi, la sivyo miaka michache ijayo vidole hivyo havitanyooka tena.

Ulaya ina nchi nyingi zenye jua. Mtu mwenye akili timamu angechagua kwa wiki moja. Shemeji yangu alichukua miaka miwili.

Alinunua daftari. Akachora mistari kwa rula, akaandika kahawa, watu, chakula, vilima, na akawa anaipa kila nchi alama kwa kumi. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, najua sura ya mtu anayesahihisha kwa haki na najua sura ya mtu ambaye keshaamua nani atafeli. Ile ya Douwe ilikuwa ya pili. Nilimwambia dada, naye akacheka tu.

Wakafunga karavani nyuma ya gari wakaenda Italia. Douwe akarudi amenuna. Kahawa ya Italia, alisema, wanaipima kwa kijiko, unaimeza umesimama kama mtu anayekunywa dawa, na biskuti hupewi. Wakaenda Hispania. Huko ilifika saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kila Mkristo anakula, wakakuta milango ya mikahawa imefungwa.

"Wanakula saa nne usiku, Hinke," aliniambia, kama mtu anayeripoti mauaji. "Saa nne. Mimi saa nne nimeshapiga mswaki."

"Si ungepika kwenye karavani?"

"Nilipika. Lakini nilijisikia mpweke."

Ufaransa ilikuwa na vilima. Mtu aliyezaliwa kwetu, ambako ng'ombe wa kijiji cha tatu unamwona ukiwa jikoni, vilima vinamziba pumzi. Ugiriki walikwenda kwa gari siku tano, wakakaa siku tatu, na alama alizoipa nadhani aliziandika wakiwa bado njiani.

Kisha wakaenda Ureno, na huko mambo yakaharibika, maana kila kitu kilikuwa sawa. Kahawa nzuri na kikeki pembeni. Watu wapole, wanakula mapema ukiwaomba. Walipata kijumba cha kupanga kwa muda mrefu karibu na bahari, mahali tambarare, mchungwa mlangoni. Dada alinipigia simu kutoka huko akasema ameamka asubuhi akafungua chupa ya jamu kwa mikono yake. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

"Na Douwe anasemaje?"

"Hajasema kitu siku mbili. Anatembea ndani ya nyumba anatafuta kosa."

Alilipata. Mlango wa bafu, aliandika, unafungukia ndani.

Oktoba, siku ya kuzaliwa ya Aukje, tukapanga viti duara sebuleni kama ada. Tukapeana hongera wote kwa wote, tukala kipande kimoja kimoja cha keki, kopo la biskuti likapita mara moja na kufungwa. Hapo ndipo Douwe alipokuwa ameahidi kutoa uamuzi. Baridi ilikuwa imeshaanza, na kahawa nilikuwa nikiimimina mimi, kwa sababu mwenye siku yake hakuweza kulishika birika.

"Haya, shemeji," nikasema. "Darasa limetulia. Soma matokeo."

Akavaa miwani. "Ugiriki, sita. Italia, sita na nusu. Hispania, saba. Ufaransa, saba na nusu. Ureno, saba na robo tatu." Akasukuma miwani juu. "Ubelgiji, tisa."

Gosse, jirani yetu mfuga ng'ombe, akaweka kikombe chini polepole.

"Ubelgiji ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Mie naijua moja, na siku niliyokwenda nilirudi nimelowa mpaka soksi."

"Mvua ya Ubelgiji ndiyo hiihii yetu, shemeji," nikasema. "Inanyesha kwao asubuhi, jioni inatufikia sisi imetumika."

"Wana chipsi nzuri sana," alisema Douwe.

"Kwa hiyo dada ajipake chipsi vidoleni?"

Gosse alicheka mpaka keki ikamtoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na mwalimu mwenye hasira haombi daftari, analichukua. Nikalifungua mapajani mwangu. Pembeni kabisa, baada ya kahawa na vilima, palikuwa na safu isiyo na jina, imeandikwa kwa penseli. Ugiriki, siku tano. Ureno, siku nne. Hispania, tatu. Ubelgiji, nusu siku. Siku zikizidi, alama zinapungua; hakuna hata moja iliyokwenda kinyume cha safu ile, isipokuwa ya Ureno, ambayo hata yeye alishindwa kuionea zaidi ya pale.

"Hizi siku za nini?"

Douwe aliangalia kopo la biskuti. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Za kurudi nyumbani," akajibu Aukje badala yake. "Kuwahi barafu. Siyo, Douwe?"

"Barafu gani?"

"Usiniulize barafu gani."

Hapo kila mtu kwenye duara alielewa, na nadhani nusu yao walimwonea huruma. Kwetu mifereji ikiganda sawasawa huwa kuna mbio za miji kumi na mmoja, karibu kilomita mia mbili juu ya barafu kwa siku moja. Haziji kila mwaka. Mara ya mwisho zilikuja mwaka 1997, na tangu hapo tunaishi kama watu waliosikia hodi mlangoni na wanamngoja mgeni aingie. Wakubwa wa barafu, wale wanaopima unene wake, wakishatangaza, zinabaki siku mbili tu kabla ya mbio. Na Douwe ndege hapandi, chombo asichokishika usukani mwenyewe hakiamini. Gari analiendesha mwendo wa kumsindikiza maiti, na kila baada ya saa mbili anasimama kunywa kahawa ya chupa yake mwenyewe.

Mwaka 1997 alikimbia. Alfajiri Aukje alimpigia magoti kwenye majani yaliyoganda akamfunga kamba za viatu vya barafu, vile vya kuteleza vyenye kisu chini ya soli, kwa vidole ambavyo siku zile vilikuwa na nguvu kuliko vyangu. Mchana akamngoja kwenye daraja lake mwenyewe na sufuria ya supu ya njegere, nzito, kijiko kinasimama. Douwe akasimama, akanywa. Robo saa. Akafika mwisho dakika kumi na mbili baada ya saa sita ya usiku, na anayefika baada ya saa sita hapewi ule msalaba mdogo wa kubandika kifuani. Kilomita mia mbili, na akarudi kifua kitupu.

"Sijawahi kusema neno juu ya supu," alisema Douwe kwa sauti ndogo.

"Hujasema," alijibu dada. "Umenyamaza juu ya supu ile miaka yote hii mpaka masikio yananiuma."

Kisha akataka kufungua tena kopo la biskuti, kifuniko kikamponyoka kikabingirika hadi miguuni kwa mumewe. Douwe alikiokota. Alikiweka mapajani akawa anakigeuzageuza, na wageni wakaanza kuaga kabla ya wakati, jambo ambalo kwenye duara letu halijatokea tangu Gosse alipozungumzia siasa.

Asubuhi yake alikuja kwangu. Mkono mmoja alishika viatu vyake vya barafu, visu vimepakwa mafuta, na mkono wa pili alishika keekee na rula.

"Tunakwenda Ureno," alisema. "Viatu nakuachia wewe, vitundike bandani. Nimeachana navyo."

"Na keekee?"

"Ukiganda mfereji, kila asubuhi utoboe chini ya daraja langu, unapima, unanipigia simu."

"Si umeachana na mbio?"

"Viatu ndiyo nimeachana navyo. Kujua ni kitu kingine."

Novemba wakaondoka na magunia mawili ya viazi vya kwetu, jibini zima la mviringo, kahawa, na kalenda ya siku za kuzaliwa waliyoibandua chooni, ambako kwetu ndiko inakokaa, ili waibandike chooni huko. Nilimbusu dada mara tatu. Jioni ile niliingia bandani nikakuta msumari mtupu, viatu havipo. Nikafikiri ni Douwe, nikamtukana kimoyomoyo, nikanyamaza.

Januari baridi ikaja kwelikweli. Siku ya kwanza keekee ilitoa sentimita nne. Kisha saba, kisha tisa. Zinahitajika kumi na tano. Kijiji kikachanganyikiwa, watu wakaacha kusalimiana, wakawa wanaulizana unene tu. Na mimi mwanamke wa miaka sitini na mmoja nilikuwa napiga magoti chini ya daraja kila asubuhi, natoboa.

"Kumi na moja," nilimwambia siku ya sita.

Nilimsikia anavyopumua. "Nikiondoka kesho alfajiri nitafika Jumatatu. Nikingoja watangaze, nimechelewa."

"Na dada?"

"Atabaki. Jua lipo."

"Mikono yake ikoje?"

Alisema tu kwamba hana viatu lakini ataazima, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwizi wangu hakuwa yeye. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua, nikakata simu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Aukje. Alimkuta Douwe ameketi jikoni na ramani. Akaenda kwenye gunia la viazi, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa viatu vya barafu. Alikuwa ameviiba bandani kwangu siku moja kabla ya safari.

"Kaa hivyohivyo," alimwambia. "Lete mguu."

Akapiga magoti juu ya vigae, akamvisha, akaanza kufunga. Kamba za viatu vile ni ndefu na ngumu, na kila tundu lazima livutwe. Alivuta tundu moja moja, kulia na kushoto, akafika juu, akapiga fundo, akapiga la pili juu ya lile la kwanza. Douwe aliacha kuangalia ramani.

"Inabana?"

"Hapana."

"Basi kesho nenda. Nimekupikia supu, nimekutilia kwenye chupa. Uinywe huku unaendesha, usisimame."

Dada anasema mumewe alichukua chupa, akaifungua, akajimiminia kikombe, na akanywa palepale, ameketi kitini na viatu vya barafu miguuni, nje jua limepiga kwenye mchungwa. Supu nzito, haimezwi kwa haraka. Alipomaliza ilikuwa imepita robo saa. Alishika mikono ya mkewe, akakunjua kidole kimoja kimoja, akavihesabu mpaka kumi kama mtoto wa darasa la kwanza, akalia. Halafu akamwomba kikombe cha pili.

Mimi sikuyajua hayo bado. Asubuhi nilitoka na keekee yangu, nikatoboa, nikapima, nikapiga simu.

"Kumi na mbili na nusu, shemeji. Uko wapi?"

"Jikoni," alisema Douwe. "Rudisha hiyo keekee bandani, Hinke, utaugua magoti. Na siwezi kuongea sasa hivi. Aukje ananimenyea chungwa, nataka kuangalia."